Stesheni Ambayo Jina Lake Halikuandikwa



Wengi wenu mtauliza, kwa nini gazeti letu dogo lipoteze karatasi na wino kwa habari za stesheni moja ya Uingereza ambayo haikupata kusimamisha treni tangu mwaka wa 1955? Tunayo mambo ya mishahara, tunayo ya nyumba, tunayo ya saa za kazi, na karatasi zenyewe hazitoshi. Swali hilo ni la haki, na jibu letu ni hili. Stesheni hiyo ilifungwa pamoja na jirani zake. Halafu jirani zake wakafunguliwa tena, kwa kuwa majina yao yalikuwa yameandikwa katika sheria ya zamani. Yake haikuandikwa, nayo ikabaki imefungwa. Mfanyakazi ye yote aliyepata kusimama mbele ya meza ya bwana mkubwa akaambiwa, "Haya unayodai hayamo katika mkataba," atalielewa jambo hili mara moja.

Stesheni yenyewe inaitwa Barcombe. Tumeona vema tuwaeleze habari zake tangu mwanzo, kisha tutoe maoni yetu.

RELI ILIVYOJENGWA

Katika jimbo la Sussex, kusini ya Uingereza, kati ya London na bahari, uko mji wa Lewes, na upande wa kaskazini uko mji wa East Grinstead. Kati ya miji hiyo miwili ni vijiji, misitu na mashamba. Mwaka wa 1877 Bunge la Uingereza lilitoa ruhusa ya kujenga reli ya kuiunganisha. Walioitaka reli hiyo walikuwa mabwana wenye ardhi wa huko, na mmoja wa wakubwa wao alikuwa Earl wa Sheffield, ambaye shamba lake lilitoa jina la stesheni ya Sheffield Park. Mwaka uliofuata, 1878, sheria ya pili iliitia reli hiyo mikononi mwa kampuni kubwa iliyoitwa London, Brighton and South Coast Railway.

Sasa sikilizeni. Ndani ya sheria hiyo ya 1878 palikuwa na sharti. Lilisema kwamba kila siku treni nne za abiria zitapita kwenda, na nne kurudi, na kwamba zitasimama mahali palipotajwa kwa majina. Sharti la namna hiyo haliandikwi na mtu anayetegemea maneno matupu. Huandikwa na mtu anayejua kwamba kampuni ikiisha kupata inachokitaka, yaweza kusahau iliyoyaahidi.

Reli ilifunguliwa tarehe 1 Agosti 1882. Stesheni zake zilichorwa na Thomas Myres, naye alizifanya nzuri, zikawa kama nyumba za mabwana. Kutoka Lewes, stesheni ya kwanza katika reli hiyo mpya ilikuwa Barcombe. Miaka michache ya kwanza iliitwa New Barcombe, maana kijiji kilikuwa na stesheni nyingine karibu, katika reli ya Uckfield, iliyofunguliwa mwaka wa 1858. Mwaka wa 1885 ile ya zamani ikapewa jina la Barcombe Mills, na hii mpya ikaitwa Barcombe tu. Kwa hiyo kijiji kimoja kikawa na stesheni mbili, na watu wake wakaona kwamba hawatapungukiwa na treni kamwe.

Lakini katika lile sharti la 1878 jina la Barcombe halikuwamo. Wala jina la Kingscote, stesheni nyingine iliyo karibu na East Grinstead. Treni zilisimama hapo kila siku, watu wakapanda na kushuka, karani akauza tikiti, na hapakuwa na mtu aliyeona hatari. Mambo yakienda vizuri, ni nani anayefungua kitabu cha sheria?

KAZI ILIYOFANYWA HAPO

Ninyi mliofanya kazi ya reli mnajua stesheni ndogo ilivyo. Si jengo tu. Palikuwa na stesheni masta, aliyekaa na jamaa yake katika nyumba ya stesheni. Palikuwa na wapagazi na watu wa ishara. Upande huo wa reli njia ilikuwa moja tu mpaka Horsted Keynes, kwa hiyo treni moja haikuweza kuingia sehemu iliyo na treni nyingine, na kazi ya ishara ilitaka mtu aliye macho. Stesheni za mashambani za Uingereza ndizo zilizopeleka maziwa mjini na kuleta makaa ya kupikia na kuotea moto. Mtu aliyetaka kupeleka mzigo hakwenda mjini, alikwenda stesheni.

Katika stesheni hiyo ya Barcombe, tarehe 15 Machi 1908, stesheni masta alipata mtoto wa kiume, akaitwa Bernard Holden. Mtoto huyo alikua akisikia sauti ya injini usiku na mchana, na alipokuwa mtu mzima akafanya kazi ya reli kama baba yake. Tafadhali mshikeni jina lake, maana tutarudi kwake.

Mwaka wa 1923 kampuni za reli za Uingereza ziliunganishwa, na reli hii ikawa chini ya Southern Railway. Tarehe 1 Januari 1948 Serikali ya chama cha Labour ilizitwaa reli zote zikawa mali ya taifa, na jina likawa British Railways. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeidai hatua hiyo kwa miaka mingi, na siku hiyo ilikuwa ya furaha. Basi kampuni ilikuwa imebadilika mara mbili, na jina juu ya injini limebadilika mara mbili. Lile sharti la 1878 halikubadilika. Lilikuwa limelala tu katika kabati.

SIKU YA KUFUNGWA

Baada ya vita magari na mabasi yalizidi kuwa mengi, abiria wakapungua katika reli za mashambani. Wakubwa wa British Railways walihesabu wakaona reli ya Lewes na East Grinstead inakula fedha kuliko inazoleta. Wakatoa tangazo kwamba itafungwa, na tarehe iliyowekwa ilikuwa 13 Juni 1955.

Hapa inatupasa kusema jambo ambalo si tamu kwa chama cha wafanyakazi cho chote, lakini ni kweli. Treni ya mwisho haikupita mwezi wa Juni. Ilipita Jumamosi, tarehe 28 Mei 1955. Usiku huo chama cha madereva na watia makaa, ASLEF, kilianza mgomo mkubwa wa kudai mishahara, na mgomo huo uliendelea mpaka tarehe 14 Juni. Ulipokwisha, siku ya kufungwa ilikuwa imekwisha pita. Basi wafanyakazi wa reli ile hawakupata hata kuiaga.

Wapo watu wanaopenda kusema, "Mnaona? Mgomo uliiua reli." Sisi hatukubali. Tangazo la kuifunga lilikuwa limekwisha tolewa kabla dereva hajaweka chini koleo wala kofia. Mtu aliyekwisha hukumiwa kufa Jumatatu, akifa Jumamosi kwa homa, huwezi kusema ya kuwa ni homa iliyomhukumu. Lakini jambo moja tunalikubali. Katika mgomo ule wafanyakazi wa reli hawakuwa kitu kimoja. Chama kikubwa cha wafanyakazi wa reli, NUR, hakikugoma pamoja na madereva. Vyama viwili vilikuwa katika reli moja, kila kimoja kikitazama mshahara wa watu wake, na kukawa na uchungu kati yao. Wakati huohuo mizigo mingi ilianza kupita barabarani kwa malori, na mzigo ukiisha kuzoea barabara ni vigumu kuurudisha relini. Wafanyakazi wakigawanyika, anayefaidi si wao.

BIBI ALIYEFUNGUA KITABU

Karibu na stesheni ya Newick and Chailey alikaa bibi mmoja jina lake Madge Bessemer. Hakuwa mfanyakazi wa reli wala kiongozi wa chama. Alikuwa mwenyeji wa Chailey aliyekasirishwa na kufungwa kwa reli yake. Watu wengine walilalamika, wakaandika barua magazetini, wakatikisa vichwa. Bibi Bessemer alifanya jambo ambalo wao hawakulifanya: alitafuta sheria ya mwanzo akaisoma.

Humo akakuta lile sharti la 1878. Treni nne kwenda, treni nne kurudi, kila siku, na zisimame hapa na hapa na hapa. Bunge lilikuwa halijalifuta. Basi akawauliza wakubwa wa British Railways: mmefunga reli kwa ruhusa gani?

Ndugu, fikirini. Sheria ilikuwa na miaka 78. Kampuni iliyopewa amri ile ilikuwa haipo tena, na hata kampuni iliyoirithi ilikuwa haipo. Wakubwa wenyewe, mawakili wao na makarani wao, hawakuwa wamelikumbuka sharti lile. Lakini kwa kuwa lilikuwa limeandikwa na halijafutwa, liliwashika shingo. Tarehe 7 Agosti 1956 British Railways walilazimika kuifungua reli tena.

Nao walifungua, lakini kwa moyo gani? Walitii neno kwa neno wala hawakuzidisha hata chembe. Treni zilikuwa nne tu, mara nyingi zikivuta behewa moja, na saa zake hazikupangwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuwahi kazini. Wenyeji waliliona jambo hilo wakaiita treni ya kununa. Sisi sote tunaujua utii wa namna hiyo. Ni kama mwajiri aliyelazimishwa na mahakama kumrudisha mtu kazini, naye akamrudisha, akamweka kwenye kiti pembeni bila meza wala kazi, mpaka mtu achoke aondoke mwenyewe.

Na Barcombe je? Treni ya kununa ilitoka Lewes, ikafika Barcombe, ikapita bila kusimama. Sheria haikuitaja Barcombe. Haikuitaja Kingscote. Basi stesheni hizo mbili zikabaki zimefungwa. Reli ilikuwapo, injini ilikuwapo, jukwaa lilikuwapo, na labda mwanakijiji aliyesimama nje ya uzio aliweza kumwona abiria dirishani. Kilichokosekana ni jina katika karatasi. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Barcombe iliyaona hayo kwa macho.

BUNGE LIKAFUTA

Msidhani hadithi iliishia hapo kwa ushindi wa bibi. British Railways walilipeleka shauri Bungeni. Palifanyika uchunguzi mwaka wa 1957, na shirika likakemewa kwa jinsi lilivyoliendesha jambo lile. Lakini kukemewa si kushindwa. Sharti la zamani likafutwa kwa sheria mpya. Treni ya mwisho ilipita Jumapili, tarehe 16 Machi 1958, na kesho yake reli ikahesabiwa imefungwa kwa halali. Safari hii hapakuwa na kifungu cho chote cha kuwazuia.

Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1963, Daktari Richard Beeching, aliyewekwa na Serikali kuwa mkuu wa reli, alitoa taarifa yake yenye kutaka stesheni 2,363 na maili 5,000 za reli zifungwe. Waingereza mpaka leo wakilitaja jina lake hutaja na shoka. Lakini tazameni, Barcombe ilikuwa imekufa miaka minane kabla ya shoka hilo. Kazi ya kukata ilikuwa imekwisha anza kimyakimya, stesheni moja moja, kila moja kwa tangazo lake dogo ukutani. Reli ya Uckfield nayo ilikatwa kwa upande wa Lewes mwaka wa 1969, na stesheni ya Barcombe Mills ikafungwa. Kijiji kilichokuwa na stesheni mbili kikabaki bila hata moja.

MTOTO WA STESHENI MASTA

Sasa turudi kwa yule mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya stesheni.

Baada ya treni ya mwisho ya 1958, vijana wanne wanafunzi walianza kuzungumza habari za kuiokoa reli. Vijana hawana fedha, na mara nyingi hawasikilizwi. Lakini wakaitisha mkutano, na mkutano huo ulifanyika katika mji wa Haywards Heath tarehe 15 Machi 1959. Aliyekalia kiti cha mwenyekiti ni Bernard Holden, mfanyakazi wa reli, na siku hiyohiyo alikuwa anatimiza miaka 51. Tunapenda kuona kwamba vijana wale walimtafuta mtu wa kazi. Hawakumtafuta mtu wa hotuba. Mtu aliyeijua ishara, njia na kanuni ndiye aliyeweza kuwaambia lipi laweza kufanyika na lipi ni ndoto.

Walitaka kuiokoa reli yote kutoka Lewes mpaka East Grinstead. Haikuwezekana. Wakapata kipande cha maili zisizozidi tano, kutoka Sheffield Park mpaka karibu na Horsted Keynes, na tarehe 7 Agosti 1960 wakapitisha treni zao za kwanza. Reli hiyo inaitwa Bluebell Railway, kwa jina la ua linalochanua misituni huko. Wameendelea kidogo kidogo. Mwaka wa 1994 treni zao zilifika Kingscote, ile stesheni nyingine isiyotajwa katika sheria. Tarehe 23 Machi 2013 zilifika East Grinstead na kukutana tena na reli ya London. Mzee Holden hakuiona siku hiyo. Alifariki mwezi wa Oktoba 2012, naye alikuwa na miaka 104.

Treni hazikurudi Barcombe. Reli ziling'olewa, na nyumba ya stesheni imekuwa makao ya watu. Stesheni iliyomzaa mtu aliyesaidia kuziokoa nyingine, yenyewe haikuokolewa.

MAONI YETU

Tunatoa mambo manne katika habari hizi, na tunaomba kila tawi liyazungumze.

La kwanza. Kisichoandikwa hakilindwi. Mwaka jana ndugu mmoja alifika ofisini petu na malalamiko. Kwa miaka sita alikuwa akipewa nauli ya kurudi nyumbani kila mwisho wa mwaka. Msimamizi wake wa zamani alikuwa mtu mwema, alimwahidi kwa mdomo, na ahadi ikatimizwa kila mara. Msimamizi alipoondoka, mpya akafungua faili, asione kitu, akasema, "Hapana nauli." Tulimtetea ndugu yetu kwa nguvu zetu zote, lakini tulikuwa tukitetea upepo. Huyo alikuwa Barcombe. Treni ilisimama kwake kila siku kwa mazoea, na mazoea yalipokatika hapakuwa na karatasi ya kumshika mtu. Basi ye yote miongoni mwenu anayepata haki kwa wema wa mtu, na alete habari kwa karani wa tawi, tuitie katika majadiliano ya mkataba wakati wema huo ungali hai.

La pili. Asiyekuwapo na lake halipo. Mabwana wenye ardhi wa Sussex walikuwa na sauti sheria ilipokuwa ikiandikwa, na mahali pao pakatajwa. Mkutano wa kutengeneza madai ya mkataba ndio wakati wenu wa kuandikwa. Mara ngapi tumeitisha mkutano, wakaja watu ishirini, kisha mkataba ulipotoka wakaja mia mbili kuuliza mbona wafagizi hawakutajwa, mbona walinzi wa usiku hawakutajwa, mbona vibarua hawakutajwa? Hawakutajwa kwa sababu hawakuwapo wa kuwataja. Kosa hilo ni letu viongozi pia, na hatulifichi. Iko kazi katika kila kiwanda ambayo hatuikumbuki mpaka mwenyewe asimame aseme, "Na mimi je?"

La tatu. Karatasi peke yake haitoshi. Hili wengine hawapendi kulisikia, hasa sisi tunaokaa ofisini na kupenda vifungu. Bibi Bessemer alishinda kwa kifungu, naye akapewa treni ya kununa. Kisha wenye nguvu wakakifuta kifungu chenyewe. Bibi yule alikuwa na haki, na alikuwa na ushujaa, lakini sharti lake lilikuwa limesimama juu ya mguu mmoja. Mkataba mzuri usio na wanachama nyuma yake ni hivyo hivyo: mwajiri atautii kwa kununa mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili atatafuta njia ya kuufuta.

La nne, na hapa tutabishana na baadhi ya wasomaji wetu. Wapo watakaosema, "Lakini reli ile haikuwa na abiria wa kutosha. Je, mnataka Serikali ilipe watu kukaa katika stesheni tupu?" Swali ni la haki. Hatusemi kwamba kila stesheni iliyofunguliwa ni lazima ikae mpaka mwisho wa dunia. Abiria walipungua, na hesabu ni hesabu. Tunalosema ni kwamba hesabu ifanywe mbele ya wote, na kwa vitu vyote. Gharama ya makaa na mishahara ni rahisi kuandika. Je, safari ya mzee asiye na gari imeandikwa wapi? Ustadi wa mtu wa ishara aliyejifunza miaka ishirini umeandikwa wapi? Tena ukipunguza treni na kuzipitisha saa zisizomfaa mtu, kisha ukahesabu abiria ukasema ni wachache, umehesabu kazi ya mikono yako mwenyewe. Basi mwajiri wenu akija na vitabu akasema idara fulani haina faida, msikatae kusoma vitabu. Visomeni mpaka ukurasa wa mwisho, na muulize kile ambacho hakikuandikwa.

Wapo pia watakaotuambia kwamba Bluebell Railway ni ushindi mkubwa, kwa hiyo tusisikitike. Tunawaheshimu sana watu wale. Wamefanya kazi ambayo wakubwa walisema haiwezekani, na kwa sehemu kubwa wameifanya bila mshahara, kwa mapenzi. Lakini chama cha wafanyakazi lazima kiseme wazi kwamba reli inayoendeshwa na watu wa kujitolea, ikichukua wageni wa matembezi, si ile reli iliyokuwa ikimpeleka mtu sokoni na kumlipa mpagazi mshahara wake. Wameokoa injini, wameokoa ustadi, wameokoa kumbukumbu. Ajira za kijiji hazikuokolewa. Jambo likiisha kufa, kulifufua nusu yake huchukua miaka hamsini na nguvu za maelfu. Kulilinda lingali hai kungetaka mstari mmoja wa wino.

Ndiyo maana tumeiandika habari ya Barcombe katika gazeti hili. Wengi wetu hatutaiona stesheni hiyo, na hata tukifika huko tutakuta nyumba ya mtu na bustani. Lakini kila mahali pa kazi pana Barcombe yake: haki ndogo inayofuatwa kila siku kwa mazoea, watu wakidhani ni ya milele, na jina lake haliko popote.

Mazungumzo ya mkataba mpya yako karibu. Nakala ya mkataba wa sasa iko kwa karani wa kila tawi, imefungwa kwa kamba juu ya meza ili isipotee. Njooni mwisoma. Asiyejua kusoma na aje na mwenzake amsomee. Kila mtu atafute jina la kazi yake kwa kidole, mstari kwa mstari. Akiliona, na atuambie kama ahadi inatimizwa kwa moyo au kwa kununa. Asipoliona, asirudi nyumbani kabla hajaliandikisha.